Shimo la Pili

Mwaka 1973, kwa wiki 12, watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa vikundi vikundi, chini ya miembe, kwenye madarasa yaliyoachwa na wanafunzi jioni, barazani kwa mjumbe, wakazungumzia jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mbele za watu: haja zetu zinaishia wapi. Nani ana choo, nani bado, na kwa nini watoto wa upande ule wa mto wanaharisha kila mvua zikianza. Vikundi vilikuwa kama 75,000. Kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam kikiisha, kiongozi wa kikundi alifungua kitabu na kukisoma kwa sauti, kwa kuwa wengi waliokaa pale hawakujua kusoma, au ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza. Baada ya hapo mjadala. Na baada ya mjadala lilikuja swali lililoibeba kampeni nzima: sisi wenyewe, hapa, wiki hii, tunafanya nini?

Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Nimeichagua kuwa kiini cha historia hii kwa sababu sijui kampeni nyingine ya vyoo, hapa Afrika Mashariki, iliyowaamini wanakijiji kiasi kile. Na nimeichagua pia kwa sababu ya yaliyofuata baadaye, ambayo yanatufundisha zaidi ya ushindi wenyewe.

Haikuzuka ghafla. Usiku wa kuamkia 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kuanza kujaribu njia ya vikundi vya redio: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Hizo zilikuwa kampeni ndogo. Wakati wa kuchagua mada ya kampeni kubwa ulipofika, ilichaguliwa afya, na ndani ya afya yakachaguliwa maradhi yanayozuilika kwa jembe, moto na maji: malaria, kichocho, safura, kuhara. Viongozi wa vikundi walifundishwa kwa ngazi, taifa likifundisha mkoa, mkoa ukifundisha wilaya, wilaya ikiteremka hadi kwa walimu wa shule, makatibu wa chama na wakulima waliojua kusoma.

Kilichonivutia siku zote ni ule utaratibu wa mwisho. Kikundi hakikuruhusiwa kumalizia kwenye “tumeelewa.” Kilitakiwa kiamue jambo la kutenda, na wiki iliyofuata waulizane kama limetendeka. Aliyesema Jumanne kwamba atachimba choo aliulizwa Jumanne iliyofuata amefika mita ngapi. Aliyeuliza hakuwa bwana afya kutoka wilayani. Alikuwa jirani yake, ambaye naye alikuwa na shimo lake lililofika magotini. Watafiti wa Taasisi, akiwemo Budd Hall aliyeandika habari za kampeni hiyo, walilinganisha hali za vijiji kabla na baada, wakakuta tofauti inayoonekana kwa macho: vyoo vipya, nyasi zilizofyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yaliyofukiwa.

Ili kuona uzito wa jambo hilo inabidi turudi nyuma kidogo.

Kwa watu wa pwani, choo hakikuletwa na mkoloni. Magofu ya Gede karibu na Malindi, mji uliostawi kati ya karne ya 14 na ya 15 na ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, yana vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe, na kando yake mahali pa kuchambia. Nyumba za kale za Lamu zina birika la maji chooni, na ndani ya birika huwekwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Waungwana wa mji walijua choo ni sehemu ya nyumba, kama ukumbi na kama jiko.

Bara ilikuwa tofauti, na kwa sababu ya maana. Watu waliishi wametawanyika, ardhi ilikuwa tele, jua na mbawakavu vilifanya kazi yao. Kichaka cha mbali kilitosha. Kadiri watu walivyoongezeka na kusogeleana, kichaka kilikwisha, lakini desturi ikabaki. Serikali ya kikoloni ilipoingilia kati ilitumia njia iliyoizoea: amri. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu wa Tanganyika uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, na choo kikawa miongoni mwa mambo ya kukaguliwa, sambamba na matuta na kodi. Mtu aliyechimba ili asitozwe faini alichimba choo cha kuonyesha. Wazee wa sehemu nyingi wanakumbuka vyoo vya aina hiyo: vimefagiwa, vina mlango, na havijawahi kutumiwa, maana kukitumia ni kukichafua kabla bwana afya hajapita.

Na lugha yenyewe inaficha. Neno choo lina maana mbili, mahali na kile kinachoachwa mahali hapo, na pengine kwa sababu hiyo tunalikwepa. Tunakwenda haja, tunakwenda msalani, tunajisaidia, tunakwenda uani. Abiria wa basi la Mwanza likisimama porini wanashuka “kuchimba dawa.” Adabu hii ni nzuri na siitaki iondoke. Ila ina gharama yake: jambo lisilotajwa ni vigumu kulipangia bajeti, na ni vigumu zaidi mkwe kumwambia baba mkwe kwamba hawezi kutumia choo kimoja naye. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki mwiko huo upo hata leo. Mjenzi asiyeuliza hujenga choo kimoja kwa boma zima, kisha hushangaa kwa nini nusu ya watu bado wanakwenda shambani. Vikundi vya 1973 vilikuwa na watu waliozijua siri hizo bila kuuliza, kwa kuwa zilikuwa zao.

Sasa shimo lenyewe. Choo cha kawaida cha kijijini ni shimo la kama mita 3 kwenda chini, mdomo wa mita moja. Juu yake hulazwa magogo, juu ya magogo fito, juu ya fito udongo uliopondwa, wengine wakisiliba kwa samadi. Kuta ni za matete au matofali mabichi, paa la nyasi. Mwanamume huchimba, maji ya kukandia udongo hubebwa kichwani na mwanamke. Familia ya watu 6 hulijaza shimo hilo kwa miaka 6 au 7 hivi. Lakini mchwa hawasubiri miaka 7. Kwenye udongo wa kichanga kingo humomonyoka masika ya kwanza, magogo hulegea, na mama akishasikia sakafu imelia chini ya mguu wa mtoto wake, hampeleki tena. Hapo ndipo kila kampeni hupimwa. Shimo la kwanza huchimbwa kwa hamasa, kwa ngoma, kwa hotuba, hata kwa woga. La pili huchimbwa kimya, na hakuna mgeni anayekuja kupiga picha.

Kwa mamilioni ya Watanzania, haja ya shimo la pili ilikuja mapema mno. Novemba mwaka uleule wa 1973 Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini. Ndipo zikafuata operesheni za kuhamisha watu. Mlango unang'oka, mabati yanang'oka, hata boriti za paa zinabebwa kichwani. Shimo linabaki. Watu ambao miezi michache nyuma walikuwa wamekaa kwenye kikundi, wakaamua wenyewe, wakachimba wenyewe, waliacha mashimo yao kwenye mahame na kupelekwa mahali ambapo nyumba zilipangwa kwa mstari na choo kilikuwa tena kitu cha kuamriwa. Sina nia ya kuhukumu hapa siasa nzima ya vijiji. Vijiji vilileta shule na zahanati karibu na watu wengi. Ila kwa upande wa usafi, naona kwamba nchi ilikitupa kwa mkono wa kushoto ilichokichuma kwa mkono wa kulia. Na hatari ilizidi, kwa sababu watu waliokuwa wametawanyika sasa walikuwa wamebanana, wakichota kisima kimoja.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini mwaka 1974 kwa wagonjwa wachache. Mwaka 1977 kililipuka Rufiji na kuenea mikoani, na hakikuondoka tena moja kwa moja. Kila kilipozuka, amri zilirudi: kila kaya iwe na choo, la sivyo faini. Na kaya zikawa nacho. Hili ni jambo ambalo wageni wengi walioandika juu ya Tanzania hawakulitegemea. Miaka mingi baada ya Mtu ni Afya, kaya nyingi mno za vijijini ziliendelea kuandikwa kwenye takwimu kuwa zina choo cha namna fulani, kuliko katika nchi jirani kadhaa. Wazo kwamba nyumba lazima iwe na choo lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Kilichokosekana kilikuwa ubora: sakafu isiyosafishika, shimo lisilofunikwa, nzi wanaopanda na kushuka, na hakuna maji ya kunawa.

Muongo wa Kimataifa wa Maji, kuanzia 1981 hadi 1990, ulileta fedha, na nyingi zilikwenda kwenye pampu na mabomba. Ni rahisi kuelewa. Bomba likifunguliwa waziri hunywa glasi ya kwanza na watu hupiga makofi. Choo hakifunguliwi hivyo. Kilichokuwa cha maana kweli kwa vyoo katika miaka hiyo kilitoka Msumbiji, ambako msanifu Msweden Björn Brandberg alibuni sakafu ndogo ya zege, mraba wa sentimita 60 kwa 60, yenye mahali pa kukanyaga, tundu dogo ambalo mtoto hawezi kutumbukia, na mfuniko. Inabebeka na watu wawili. Inamwagiwa maji na kukauka. Na shimo likijaa, sakafu hung'olewa na kuhamishiwa shimo jipya. Nadhani hapa ndipo kwa mara ya kwanza fundi alimfikiria mtu anayechimba mara ya pili.

Kisha likaja wimbi jingine, kutoka mbali. Karibu na mwaka 2000, katika kijiji cha Mosmoil wilayani Rajshahi, Bangladesh, mtaalamu wa Kihindi Kamal Kar alishauri ugawaji wa ruzuku za vyoo uachwe, na badala yake akawaomba wanakijiji wamwonyeshe wanakokwenda haja. Walimtembeza. Walichora ramani ya kijiji chao ardhini, wakatia alama kila mahali penye kinyesi. Njia hiyo ilisambaa, na ikifanywa vizuri huwa na tukio moja ambalo aliyeliona hasahau. Mwezeshaji huomba glasi ya maji safi, huuliza nani yuko tayari kunywa, na wote huitikia. Halafu huchukua unywele, huugusisha kwenye kinyesi, huuchovya kwenye ile glasi na kuitoa tena. Hakuna anayenywa. Huuliza: nzi ana miguu mingapi? Sita. Na miguu ya nzi ina vinyweleo. Hasemi zaidi. Wanakijiji humalizia wenyewe, kwa kawaida ni mama mmoja wa nyuma anayesema kwa sauti kile ambacho kila mtu amekwisha kukitambua: kumbe tumekuwa tukilishana. Hapa kwetu wataalamu waliiita mbinu ya uchefuchefu.

Kenya iliipokea mwaka 2007, ikianzia Kilifi, na vijiji vya Jaribuni vikawa vya kwanza kusherehekea kwamba hakuna tena anayejisaidia ovyo. Mwaka 2011 serikali ilizindua kampeni ya kuifanya Kenya nzima ya vijijini kufika hapo kabla ya mwisho wa 2013. Lengo halikufikiwa, ingawa Nambale, kaunti ya Busia, ilitangulia na kuthibitishwa mwaka 2012. Tanzania nayo iliichukua mbinu hiyo, ikaichanganya na mafunzo kwa mafundi na uuzaji wa sakafu, na mwaka 2012 ikaanzisha Kampeni ya Kitaifa ya Usafi wa Mazingira.

Naheshimu kazi hiyo, na bado kuna jambo linaloniuma. Uchefuchefu hutegemea aibu, na aibu huwaangukia watu kwa viwango tofauti. Mjane mwenye mgongo mbovu, kwenye udongo wa mchanga, hana choo kwa sababu tofauti kabisa na ya mwenye ng'ombe 40. Ukipeperusha kibendera kwenye kinyesi cha wote wawili, mmoja amekumbushwa wajibu na mwingine amedhalilishwa. Mahali palipofanikiwa kwa haki, vijana walitoka wakamchimbia mjane. Mahali palipokosa hilo, mtendaji alikuja na sheria ndogo mkononi akachukua kuku wake.

Na aibu, kama hamasa, ni nguvu ya shimo la kwanza. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa shirika la Plan kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Sierra Leone, uliotembelea kaya 4,960 katika vijiji 116 vilivyokuwa vimetangazwa kuwa safi miaka kadhaa kabla. Kaya 87 katika kila 100 bado zilikuwa na choo kinachotumika. Hiyo ni habari njema, na wengi waliishia hapo. Lakini watafiti walipodai vigezo vyote kwa pamoja, yaani tundu lenye mfuniko, choo kinachositiri, mahali pa kunawia, sabuni au majivu, na dalili kwamba vinatumika, kaya 92 katika kila 100 zilianguka. Kwa sehemu kubwa kilichoziangusha ni maji na sabuni.

Matokeo ya Tanzania yalielekea hukohuko. Katika jaribio kubwa lililofanywa kwenye wilaya 10, vijiji vilivyohamasishwa vilifikia asilimia 51 ya kaya zenye choo bora, dhidi ya 38.6 kule kusikohamasishwa, na waliokwenda vichakani mara kwa mara walipungua hadi asilimia 11.1 badala ya 23.1. Hata hivyo watafiti hawakuona afya ya watoto imepata nafuu ya kupimika. Wapo walioyasoma matokeo hayo wakasema basi choo hakina faida. Mimi nayasoma hivi: nzi wa nyumba moja kati ya mbili anatosha kuwalisha wote. Choo ni kama uzio wa kitalu. Ukiacha pengo upande mmoja, mbuzi wote wanapitia hapo.

Ndiyo maana napenda kibuyu chirizi kuliko vifaa vingi vya gharama. Ni dumu la lita 3 au 5 lililotobolewa karibu na mdomo, limening'inizwa kwenye fito mbili zenye panda, lina kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Mkono wenye uchafu haugusi kitu. Kipande cha sabuni kimetobolewa na kufungwa kamba. Kibuyu kizima hakigharimu karibu chochote. Lakini dumu lisilojazwa asubuhi halina kazi jioni, na anayelijaza ni yuleyule mama au binti aliyetoka kisimani na ndoo kichwani, kilomita kadhaa. Atachagua kati ya kupika na kunawa, na sote tunajua atachagua nini. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini watu hawanawi, namuuliza kwanza kisima kiko wapi.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea karibu nchi nzima, wagonjwa wakapita 20,000. Desemba 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo, na msanii Mrisho Mpoto akaisemea redioni na viwanjani, safari hii choo kikitajwa kama heshima ya mwenye nyumba, kama seti ya sofa na mabati ya rangi. Ilikuwa fikra nzuri. Mtu anayejivunia choo chake hukitengeneza kabla hakijabomoka. Na mwaka 2024, zaidi ya nusu karne baadaye, jina la zamani lilirudishwa: Mtu ni Afya, awamu ya pili.

Jina limerudi, ninachotamani kirudi nacho ni kile kikundi. Redio leo iko mfukoni mwa kila kijana, na nyimbo za kampeni ni nzuri kuliko za 1973. Kisichokuwepo ni watu 20 au 30 wa kitongoji kimoja wanaojua kwamba Jumanne ijayo watakaa tena na kuulizana. Mahali kikundi kilipobaki kwa sura nyingine, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama kwa mfano, nimeona kinafanya kazi: wanawake wanaochangishana kwa zamu, mmoja ananunua sakafu ya zege mwezi huu, mwingine mwezi ujao, na fundi wa kijiji ana kazi mwaka mzima badala ya wiki moja ya wageni.

Kiangazi ndicho wakati wa kuchimba. Ardhi imekauka, mavuno yako ndani, kingo hazimomonyoki. Mwenye nyumba hupima hatua kutoka kwenye jiko, hutazama upepo unakotoka na kisima kilipo, hupigilia mambo nne na kuanza. Shimo jipya likifika kimo cha mtu na nusu, majirani huja kusaidia kung'oa sakafu kwenye choo cha zamani na kuihamisha. Lile la zamani hufukiwa kwa udongo wa lile jipya, hushindiliwa, na mvua za kwanza zikianza hupandwa mgomba juu yake.